Mama Aliyevaa Raba

Jumamosi nilikuwa gereji moja ya Mugumu nikisubiri kuzibiwa pancha ya pikipiki. Mzee mmoja mstaafu alikuwa akimuuzia mwalimu wa Susuni gari lake, la ile chapa ya Ulaya ambayo wenye nayo huweka funguo mezani ili tuzione. Mwalimu alikuwa ameuza ng'ombe wake apate usafiri wa kumpeleka mama yake kliniki.

"Hii si gari ya kubahatisha," mzee alisema, akipapasa boneti kama shingo ya fahali. "Haijawahi kuniangusha."

Mwalimu akaomba wajaribu mpaka Manchira. Mke wa mzee, aliyekuwa amevaa viatu vya kisigino, akafungua buti la gari, akatoa raba, akazivaa na kufunga kamba taratibu. Kisha akajifunga kanga kiunoni.

"Mama, mbona unabadilisha viatu?" mwalimu akauliza.

"Si umesema twende Manchira, mwanangu? Kwenda tutapanda. Kurudi nitasukuma."

Mzee akakohoa. "Ni mambo ya betri tu."

"Mwezi uliopita ulisema ni vumbi," mama akasema bila kuinua macho.

Mwalimu akashukuru, akapanda bodaboda, ng'ombe wake wakiwa bado mfukoni.

Jirani yangu ana gari la chapa hiyohiyo, na kila wiki huenda Musoma na kurudi salama. Kwa hiyo sisemi chapa ni mbaya. Nasema tu kwamba sifa za gari husimuliwa na anayeshika usukani, na anayesukuma haulizwi.