Mkono Wangu wa Kushoto

Watu wa Nairobi husema ndugu yangu, mpiga piano wa jazi, ana mkono wa kushoto wa ajabu. Redioni wanauita mtindo wake. Wacha waite. Mimi najua ulikotoka, kwa sababu ni wangu.

Piano ya kanisa letu pale Tawa iliachwa na wamishonari, na mimi ndiye niliyeipiga kila Jumapili. Siku za katikati ya wiki tulipotumwa kufagia kanisa, nilimfundisha ndugu yangu mdogo. Mkono wa kulia uimbe tenzi polepole, wa kushoto upige kilumi, ngoma ya nyanya yetu, ile akina mama huicheza mpaka wanapandwa na pepo. Nyanya alinifundisha mapigo yake akinigonga mgongoni. Ndugu yangu aliiogopa ngoma ile ikichezwa, hata kuisogelea hakutaka; mapigo yake aliyapata kwangu tu. Mapigo yalipompotea aliangalia mguu wangu, nami nikampigia mdundo sakafuni kwa kisigino.

Siku moja alikuwa akipiga yeye, mzee wa kanisa akasikia akipita nje. Kilumi ndani ya nyumba ya Mungu! Tukaitwa mbele ya wazee. Njiani tulikubaliana tutaomba msamaha pamoja. Kufika tu, akawahi.

"Ni dada. Mimi nilikuwa nafagia."

Nikatengwa. Benchi la nyuma, na piano nisiiguse tena. Jumapili iliyofuata nani alikuwa ameketi mahali pangu? Yeye, nywele zinang'aa mafuta, na hata hakugeuka! Nililia mpaka macho yakavimba.

Alienda Nairobi akapiga kwenye mahoteli, kisha ng'ambo. Mimi nikaolewa hapo Matiliku, nikawa namsikia jikoni kwa redio. Mtangazaji akamuuliza mkono ule aliupata wapi.

"Kwa nyanya yangu. Alinifundisha akinigonga mgongoni."

Ai, jamani! Hata mgongo wangu akauchukua.

Mwaka aliporudi kwa ibada ya shukrani, nilikwenda. Adhabu yangu iliisha zamani, lakini niliketi kwenye benchi lile lile. Akapiga kilumi, wazi kabisa, na wazee wale wale wakapiga makofi wakisema ni karama ya Mungu.

Katikati, mapigo ya mkono wa kushoto yakampotea. Akageuka, akatafuta mguu wangu kati ya watu mpaka akauona.

Nikaivuta miguu yote miwili chini ya benchi, nikaituliza.