Askari Aliyehama Mraba

Kwa mwaka na nusu ubao wa sataranji wa mzee Sheikhan ulikaa karibu na dirisha, kila kipande mahali pake, kama mji mdogo uliolala adhuhuri. Aliyecheza naye ni Mufaddal, jirani yake wa zamani hapo mtaani Kibokoni, ambaye sasa yuko Surat, India, kwa mwanawe. Kila kadi ya posta ilibeba hatua moja. Wajukuu wakimwambia atumie simu, hujibu, "Simu yafika kabla sijafikiri."

Bintiye Mona ndiye aliyepeleka kadi posta. Sataranji hakuijua. Alichojua ni kwamba tangu mama afariki, baba huamka kwa ajili ya ubao ule.

Siku moja ikaja kadi: "Yakhe, askari huyo umemtoa wapi? Hatua yako haiwezekani."

Mzee hakula siku ile. Kesho yake aliuliza leo ni siku gani, akauliza tena. "Kichwa kimeanza kuniaga, Mona. Peleka hii." Ilikuwa kadi ya kukubali kushindwa.

Mona aliishika, macho yake yako ukutani nyuma ya ubao. Ukuta mweupe pe, chokaa ya Idi. Hapo akakumbuka. Siku ya kupaka chokaa aliubeba ubao ule hadi chumba cha pili kama trei ya mayai, na kipande kimoja kikaanguka. Alikirudisha alipodhani ndipo, akanyamaza.

"Baba, hebu vipange upya, unichezee tangu mwanzo."

Mzee alivipanga, akafumba macho. Mkono ukaenda wenyewe: askari wa mbele ya mfalme, miraba miwili. Askari wa Mufaddal vivyo hivyo. Farasi akatoka, farasi akajibu, ufunguzi uleule waliouzoea barazani, kila alasiri, kwa miaka thelathini. Mona alihisi kama anamsikia Mufaddal akikohoa ngazini. Hatua arubaini, na mzee hakukwama hata mahali pamoja.

Alipofumbua macho, alimgusa askari mmoja. "Huyu mahali pake ni hapa. Alikuwa amekaa mraba wa kando."

"Ni mimi, baba. Siku ya chokaa. Alianguka."

Mzee alicheka hata kofia ikamtoka. "Ewe mtoto! Umenizeesha miaka kumi!"

Kisha akautazama ubao, askari wamezuiana, hakuna wa kupita. Akaichana kadi, akaandika nyingine: kosa la nani, na ombi la sare.

Jibu lilichukua majuma matatu. "Sare. Mona asiuguse ubao." Chini yake, mchezo mpya: askari wa mbele ya mfalme, miraba miwili.

"Haya," mzee akasema, "msogezee wewe askari wake."