Shemeji aliniongezea oil ya injini kwenye mteremko wa Nyamira, mama mkwe akitazama

Wakuu, nawasalimu kwa heshima, wenye magari na wanaoyatarajia.

Nitakayoeleza yalinipata mimi mwenyewe, msimu uliopita wa makambi ya kanisa. Sitaongeza chumvi, kwa kuwa kuongeza ndiko kulikozua balaa lenyewe.

Kwanza mnijue. Mimi ni mstaafu. Utumishi wangu wote nilikuwa mkaguzi wa vipimo na mizani, kazi ya kuhakikisha kwamba kilo ya muuza sukari ni kilo kweli. Ninaishi Kiogoro, na gari langu dogo nililinunua kwa kiinua mgongo. Injini hiyo ikifa, hakuna kiinua mgongo cha pili.

Ndiyo maana oil huibadilisha mimi mwenyewe, kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa. Humwaga ya zamani ikiwa vuguvugu, hufunga filter mpya, kisha hutia kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, pungufu kidogo. Huwasha injini, huzima, hungoja oil ishuke, ndipo hupima na kujaliza taratibu.

Juma hilo nilifanya hivyo. Dipstick, kile kijiti cha kupimia oil, ikasoma chini kidogo ya alama ya juu. Nikafunga boneti kwa moyo mweupe.

Ijumaa alasiri nikaenda Nyamira kumchukua mama mkwe, nimpeleke makambini upande wa Mosocho kabla jua halijazama na Sabato kuingia. Yeye anakaa kwa mwanawe, ndugu ya mke wangu. Boma lao liko kwenye mteremko wa majani chai ambako hata kuku husimama ameegemea upande mmoja. Nikaegesha pua ya gari ikitazama mlimani, nikaitwa ndani kunywa chai.

Nilipotoka, boneti ilikuwa wazi. Shemeji ameinama na mtungi mkononi, anamimina. Mama mkwe ameketi barazani na begi lake, anatazama kwa furaha jinsi mkwe wake anavyotunzwa.

"Shemeji, umetoka Kiogoro na injini karibu kavu," alisema bila kugeuka. "Nimekuongezea. Hii ilibaki ya pickup yangu."

Wakuu, kwetu Wakisii mkwe hapandishi sauti mbele ya mama mkwe. Hata kikohozi hupunguzwa. Maneno niliyokuwa nayo kifuani yangetosha barua kadhaa za onyo, na yote niliyameza.

"Asante, shemeji," nikasema. "Ulipima saa ngapi?"

"Ulipozima tu."

"Na gari likiwa limeinuka hivi?"

"Dipstick ni dipstick."

Hapa niruhusuni nisimame kidogo, maana kosa hili naliona kila mahali katika milima yetu. Injini ikizimwa, oil nyingi bado iko juu. Inahitaji dakika kadhaa kuteremka. Gari likiinuka mbele, oil hukimbilia nyuma. Kwa gari langu, dipstick iko mbele, kwa hiyo husoma pungufu wakati hakuna kilichopungua. Na ikizidishwa, crankshaft, ule mhimili unaozunguka chini ya injini, huipiga kama mwiko unavyopiga mayai. Povu linatokea, presha inashuka, seal zinaanza kuvuja.

Nikapendekeza tushuke hadi uwanja wa shule, ambao ndio mahali pekee palipo tambarare karibu.

"Wewe umezoea mizani ya mahindi," shemeji akacheka. "Gari ni kitu kingine."

"Kwani mafuta yakizidi si ndiyo baraka?" mama mkwe akauliza.

Nikamjibu nikitazama chini. "Ya kupikia ndiyo, Mama. Ya injini hapana."

Tukaenda polepole, mama mkwe akiwa kiti cha nyuma kama heshima inavyotaka. Tukazima, tukangoja. Nikachomoa dipstick, nikaifuta, nikairudisha, nikaichomoa tena. Oil ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa kidole. Nikamkabidhi shemeji. Akapima mwenyewe. Akafuta, akapima tena.

"Labda dipstick yako ni mbovu."

"Ni ileile uliyoiamini mlimani."

Kisha, na hili namsifu hadharani, alipanda mbio nyumbani akarudi na bomba kubwa la sindano ambalo hunyweshea ng'ombe dawa, na mpira mwembamba. Tukaupitisha mpira palipokaa dipstick, akavuta oil kidogokidogo kuirudisha mtungini. Kila baada ya kuvuta tulipima.

"Fanyeni upesi," mama mkwe akasema kupitia dirishani. "Jua likizama mimi siwajui, na gari lenu silijui."

Oil ikarudi chini kidogo ya alama. Shemeji akabaki kandokando ya barabara kutazama bomba la moshi nikipanda kilima.

"Hakuna moshi," akapiga kelele, akipunga mkono kama mshindi.

Nilipovuka kilele, sauti ikatoka kiti cha nyuma. "Huyo tangu utotoni, mgeni akija, chai anajaza mpaka kisahanini."

Nilicheka mbele ya mama mkwe kwa mara ya kwanza tangu nioe.

Tulifika jua likiwa bado juu ya miti. Nilipofungua buti kutoa begi lake, nikakuta mkungu wa ndizi ambao shemeji aliupakia bila kuniambia. Huo sikuupima.

Funzo langu ni fupi. Pimia mahali palipo sawa, injini ikiwa imetulia, na usiongeze kwa kusoma mara moja. Anayekuongezea bila kukuuliza anaweza kuwa anakupenda sana, lakini injini haijui mapenzi.

Sasa naomba michango. Ninyi mnaoishi milimani, oil mnaipimia wapi? Na wale mtakaosema kwamba kuzidi kidogo hakudhuru, karibuni pia, ila mje na kitabu cha gari mkononi.