Mabua ya Ngano Niliyoyaagiza kwa Jina la Uongo

Ipo siku moja ya kiangazi ambayo haijanitoka akilini hadi leo, mwanangu, ingawa nimejaribu kuisahau kama mtu anavyojaribu kusahau jina la mchumba aliyemkataa. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, na kwa maoni yangu hakukuwa na mtu wa kunizidi akili kuanzia Timau mpaka Embu mjini. Bado sina hakika kwamba yupo. Lakini tulia nikueleze.

Nilikuwa nimerudi kutoka Doha. Nilikwenda huko kubeba mabomba juani, nikajisomesha jioni kwa jasho langu, nikarudi na diploma ya kompyuta. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, wala harambee iliyofanywa kanisani kwa jina langu. Diploma hiyo ningali nayo ukutani, na ukifika kwangu utaiona kabla hujaonyeshwa kiti. Ninayasema haya ili ujue kwamba mpumbavu wa habari hii alikuwa mtu aliyesoma.

Mtu aliyetembea huona ambayo aliyekaa nyumbani amezoea kuyapita. Niliporudi Timau niliona mashamba makubwa ya ngano yakivunwa kwa mashine, na mabua yakiachwa yachomwe moto. Nilishuka Embu nikakuta maganda ya makadamia yamerundikwa kama vilima, huku waoka mikate wakikata miti kuwashia matanuri. Na kule chini Tharaka, ng'ombe walikuwa wakilamba mawe. Wahenga walisema ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Shida ilikuwa kwamba chungu huyo, yaani sisimizi, alikuwa mbali, na hakuna aliyempasha habari. Taka, mwanangu, mara nyingi ni mali ambayo haijaambiwa pa kwenda.

Basi nikatengeneza programu ya simu. Nakwambia ilikuwa nzuri. Ilikuwa na ramani, ilikuwa na rangi tatu, ilikuwa ya Kiingereza safi. Ili uingie ulihitaji neno la siri lenye herufi kubwa, herufi ndogo na tarakimu. Walijiunga watu kumi na mmoja, na watatu kati yao walikuwa binamu zangu.

Wakati huohuo palikuwa na mwanamke aitwaye Kathambi, aliyeuza uji pale malori yanaposimama Timau. Aliishia darasa la nane. Simu yake ilikuwa na kioo kilichopasuka, ameifunga kwa mpira kama mtu anavyofunga bunda la noti, ingawa hakuwa nazo. Kathambi aliona jambo moja ambalo mimi na ramani yangu hatukuliona: malori yanayopandisha saruji hurudi chini matupu. Akafungua kundi la kutumiana ujumbe kwenye simu. Mwenye kitu asichokihitaji alikipiga picha, akaweka kiganja chake kando ili ukubwa uonekane, akasema kwa sauti, kwa Kimeru, kitu kiko wapi. Wa kwanza kujibu "Nachukua" ndiye aliyekuwa mwenyewe. Kathambi akamtafutia lori linaloshuka tupu. Yakaisha hapo.

Msimu mmoja haukupita, kundi likajaa. Mabua yakawa yanashuka, maganda yanakwenda kwa waoka mikate, mabaki ya njegere na kabeji yanakwenda kwa wafuga nguruwe. Pasta akamshukuru madhabahuni. Na mama yangu mzazi, mwanangu, akampelekea Kathambi simu yake amwingize kundini, na mimi niko boma hilohilo na diploma iko ukutani.

Nilianza kwenda kunywa uji kwake ili nimpeleleze.

"Fundi wa Doha," akaniambia siku moja akinimiminia, "ile yako inaendeleaje?"

"Inaendelea. Mambo ya kitaalamu hayataki haraka."

"Hata mimi nilijaribu kuingia. Ikaniuliza jina la mnyama wangu wa kwanza wa kufuga. Nikaiambia ni mbuzi."

"Ikasemaje?"

"Ikakataa. Ati ni fupi mno. Sasa nikamlete ng'ombe?"

Madereva wakacheka mpaka mmoja akamwagikiwa na uji. Nami nikacheka nao, nikalipa uji nikaondoka kabla sijaumaliza. Hasidi hana sababu, walisema, lakini mimi nilikuwa nazo nyingi na nilizihesabu kila asubuhi. Kwa nini yeye? Nani alimfundisha? Nilikula vumbi la Doha miaka tisa ili muuza uji anipite akiwa amekaa kwenye kigoda?

Ndipo nikanunua laini ya pili. Nikaingia kundini kwa jina la Baba Njeru wa Embu.

Asubuhi hiyo ninayokusimulia, msimamizi wa shamba moja la ngano alituma picha ya marobota ya mabua, lori zima. Nikabonyeza "Nachukua" kabla chai yangu haijapoa. Haikupita nusu dakika, ikaingia sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu aliyechoka: "Mimi ni Mutegi wa Tharaka. Kathambi, kama huyo wa Embu anaweza kungoja, tafadhali. Nina ng'ombe watatu na hawainuki tena. Nawainua kwa mti."

Nilisikiliza sauti hiyo mara mbili. Nilichohitaji kuandika ni maneno mawili: mpe huyo. Sikuyaandika. Kathambi akaniuliza kundini, "Baba Njeru, unaweza kungoja?" Nikajibu, "Hapana, hata wangu wana njaa." Kanuni ilikuwa kanuni, na lori likashuka Embu.

Dereva alipofika mahali nilipomwelekeza, akapiga simu, akakuta laini imezimwa. Akangoja mpaka saa saba. Saruji ilikuwa ikimsubiri, kwa hiyo akayashusha marobota kando ya barabara akaenda zake. Kabla ya jua kuzama mabua yalikuwa yameshika moto, nadhani kwa kipande cha sigara, na yakateketea yote. Msimamizi wa shamba akasema hatatoa tena hata bua moja kwa watu wasiojulikana. Watu wakaanza kutoka kundini, huyu ametoka, yule ametoka, nami nilikuwa nikisoma majina hayo kama mtu anayesomewa matokeo mazuri ya mtihani. Kathambi alituma sauti moja tu: "Kosa ni langu. Niliamini bila kuuliza." Hata hiyo ilinifurahisha.

Siku ya tatu mtu aliingia kwa baba yangu akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Sijui kama wewe umefundishwa mambo haya, kwa hiyo nitakueleza. Kwetu Meru kuna udugu unaoitwa gichiaro, udugu wa koo mbili zilizokula kiapo zamani, kabla ya babu zetu. Mtu wa gichiaro chako akija hufungi lango. Akiomba humnyimi. Na zaidi ya yote, humdanganyi. Hata watoto wanaocheza hawamdanganyi.

Mtu huyo alitaja ukoo wake, na baba akasimama akamshika mikono yote miwili. Ulikuwa ukoo wa gichiaro chetu. Kisha akataja jina lake, Mutegi, nami nikaitambua sauti.

"Wawili wamekufa," alisema akipewa chai. "Amebaki mmoja, na huyo amelala. Nimekosa kwa majirani, nikakumbuka nina ndugu huku penye baridi."

Baba hakuuliza zaidi. Aliita watu wakakate matete, wakashusha na nyasi kavu zote zilizokuwa darini. Walipokuwa wakifunga mizigo, Mutegi akanigeukia.

"Nimeambiwa wewe una elimu ya simu. Ile namba ya Baba Njeru, mtu anaweza kujua ni ya nani?"

Nilikuwa na majibu saba, mwanangu, yote ya kitaalamu, na hata moja lisingeweza kupingwa na mtu yeyote kati ya Timau na Tharaka. Nilifungua mdomo nikachagua zuri kuliko yote. Halafu nikamwona baba ananitazama. Hakuwa na shaka nami hata kidogo. Alikuwa akingoja kwa fahari mwanawe msomi amsaidie ndugu.

"Ni yangu," nikasema.

"Rudia," baba akasema.

"Namba ni yangu. Mimi ndiye niliyeagiza yale mabua."

Mutegi akaweka kikombe chini polepole. "Ulisikia sauti yangu?"

"Niliisikia."

"Mara ngapi?"

Mungu anajua kwa nini aliniuliza hivyo. "Mara mbili, nikinywa chai," nikasema.

Baba yangu, aliyekuwa mzee wa kanisa, akasema: "Watu wataniuliza kama naogopa laana ya gichiaro. Siiogopi, mimi nina Mungu. Ninachoogopa ni mtoto aliyemsikia mtu akilia mara mbili, na akamaliza chai yake."

Nilimwambia Mutegi achague ng'ombe kwenye zizi langu. Akatikisa kichwa. "Ng'ombe wako atakula nini kwangu? Mimi nataka lile kundi. Lilikuwa mkono wangu, ukalikata. Sema kwa sauti yako, kwa jina lako na la ukoo wako, palepale uliposemea uongo."

Nikasema. Nilishika simu mbele yao wawili nikaeleza yote kwa Kimeru, mwanzo hadi mwisho, na mama yangu akaisikia sauti hiyo akiwa jikoni kabla sijaondoa kidole. Kesho yake Kathambi akanitumia ujumbe mfupi: "Njoo ufanye kazi. Lete na hiyo diploma."

Nilikwenda, na sikukaribishwa uji. Nilifanya alichonielekeza. Tulifuta maneno ya siri na Kiingereza, tukaunganisha ile ramani yangu na kundi lake, ili kila lori linaloshuka tupu lionekane, na kila anayeagiza ataje kwa sauti jirani mmoja anayemjua. Yule msimamizi wa shamba alirudi baada ya mavuno mawili. Lori la kwanza lilikwenda Tharaka, naye Mutegi akatuma picha ya kiganja chake juu ya robota.

Sasa usidhani wivu ulinitoka siku hiyo. Mwezi uliopita walikuja wageni kutoka chuo kikuu kujifunza jinsi tunavyofanya, wakampiga Kathambi picha upande huu na upande ule, na mimi nikiwa nyuma yao nimeshika waya wa umeme. Niliumia. Naumia hata ninapoandika. Lakini niliushika ule waya vizuri, na picha zikatoka.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukirudi na elimu yako, uliza kwanza ni nani aliyekwisha kuikanyaga njia, halafu umpanulie. Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Simu inaweza kuliambia ganda la Embu mahali tanuri lilipo, na kuliambia bua la Timau mahali ng'ombe alipo, na hiyo ni baraka kubwa ambayo babu zetu hawakuwa nayo. Lakini simu hiyohiyo itakuficha uso wa mtu unayemdhulumu, na utamaliza chai yako ukidhani umebonyeza kitufe tu. Kwa hiyo msikilize mtu hadi mwisho kabla hujabonyeza, na umjibu kama ndugu ambaye huruhusiwi kumdanganya. Wivu ukikujia, usinidanganye kwamba huna. Upe kazi ya mikono, ubebe waya, usipate nafasi ya kununua laini ya pili.

Na Mungu wa mlima na wa nchi kavu akupe afya, akupe kazi isiyomaliza ardhi ya watoto wako. Akupe pia jirani anayekuzidi, na nguvu ya kumfungulia lango kila anapopita na sifa zake.