Badiskette kumi na nane ya Chef Kabamba

Nilitia diskette ya kwanza mu ordinateur, ile kompyuta ya hôpital, ikazunguka, na ku écran kukatoka majina. Nikafurahi. Kisha nikasoma muzuri: «Meza ya kwanza, bazazi ya bibi-arusi. Meza ya pili, baingénieur.» Ilikuwa liste ya baalikwa ya ndoa. Nikatia ya pili: kuku, samaki, bière. Nikatia yote kumi na nane. Mapafu ya batumishi ya mashimo ya Kambove haikuwa mu hata moja.

Nieleze tangu mwanzo, juu mpaka leo bantu banasema asema ni miye Ilunga njo nilifuta.

Siku yangu ya kwanza ku hôpital ya kampuni ya mine, ile ya kuchimba shaba, hapa Lubumbashi, nilipewa ufagio. Nilisoma mpaka ya sita primaire, basi. Chef wa service ya informatique, ile ya baordinateur, Kabamba Félix, akaniambia: «Ilunga, hapa mavumbi njo adui. Ukiacha mavumbi, mashine inakufwa, na weye unakufwa njaa.»

Kila mwaka bale banatumika chini ya udongo balikuwa banapigwa radio ya kifua, ile picha ya mapafu. Matokeo ilikuwa inaingia mu ile ordinateur: jina, shimo, mwaka, mapafu iko namna gani. Nilikuwa nafagia polepole juu niangalie mikono ya bale banatengeneza. Kisha kampuni ikaanza kuanguka. Bale balisoma bakaenda Zambia, bengine Afrika ya Kusini. Nikabakia miye na tournevis, ile bisibisi.

Disque dur njo kintu mashine inawekamo yote inayua. Yetu ikaanza kupiga tak, tak, tak, sawa muntu anagonga mulango ya nyumba haina muntu. Nikaenda kwa Chef.

«Chef, inasoma bado kidogo. Unipatie siku mbili, nitoshe bafichier, majina yote, mbele.»

«Siku mbili ya nini? Sauvegarde iko mu kabati yangu, kopi ya yote, diskette kumi na nane. Nilizifanya miye mwenyewe.»

«Tujaribu hata moja, Chef.»

«Ilunga! Mufagiaji anachunguza chef? Bazungu ya kufunga kampuni banakuya kesho kuhesabu mali. Mashine iwake!»

Ile wakati disque haikukuwa inapatikana hivi hivi mu muji. Baba Ramazani, fundi mumoja wa Maniema, njo alikuwa nazo, na desturi yake ilikuwa moja: lete ya kufwa, upate ya kuishi. Ile ya kufwa alikuwa anaifungula juu ya kutosha bipande. Nikamupelekea yetu. Hii ni kosa yangu, naikubali.

Disque mupya haiyue kintu. Unafunga bavis nne. Unatia cavalier, kipande kidogo sawa punje ya muchele, njo kinaambia mashine asema hii disque ni ya kwanza. Unawasha na diskette ya kuanzisha, unagawanya disque, unaiformater, maana yake unailima sawa shamba mbele ya kupanda. Kisha unatia CD ya système, unaandika ile namba yake murefu bila kukosea, na unangoja. Ilienda muzuri kupita kazi yote niliyofanya mu maisha. Njo nikatia diskette ya kwanza.

Nilipoona ile meza ya ndoa, nikakimbia kwa Baba Ramazani. Alikuwa ameisha kufungula disque. Sahani yake ya ndani, njo inabeba maandiko, ilikuwa ku meza, imejaa alama ya bidole, haisomeki tena.

«Mwanangu,» akasema, «hukuniambia kama kuna bantu ndani.»

Nikarudia kwa Chef. Hakuniangalia mu macho.

«Diskette mupya zilikosekana, Ilunga, nikafuta hizo. Ndoa ya mutoto wangu ni mara moja.»

Kisha akaandika rapport: bafichier ilifutwa na mufagiaji bila diplôme. Bakanifukuza ile juma.

Yaya wangu Mwape, mutoto mukubwa wa mama yetu, alitumika Kambove, chini ya udongo. Alipoenda kutunzwa, ku guichet, dirisha ya hôpital, bakamuuliza dossier ya mapafu. «Haina dossier, haina ugonjwa ya kazi, papa.» Alikohoa miaka tatu mu nyumba yangu ku Katuba. Akakufwa mu mikono yangu.

Miye nilitengeneza bamashine ya bantu pembeni ya barabara mpaka macho ikachoka. Weye mwenye unajifunza hii kazi, usifungule vis hata moja mbele ya kuona na macho yako sauvegarde inasoma. Hata chef aape kwa mama yake.

Na weye, Chef Kabamba, uko muzima, uko mu villa yako ku mutaa ya Golf. Badiskette iko kwangu, yote kumi na nane, nilitoka nayo siku ile bananifukuza. Juu yake kuko maandiko ya mukono yako: «Mapafu 1», «Mapafu 2», mpaka ku mwisho. Hukufuta hata ile. Kuya Kambove. Simama mbele ya bamama bajane, usome ku sauti majina ya bale balikaa ku meza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukiisha, utuambie: majina ya bale bengine uliyaweka wapi?