Mama Asiyekula kwa Bintiye

Nimemjua Bhanu tangu enzi za duka lake pale Queensbury, London, duka lililouza muhogo, unga wa sembe, dengu na maneno. Maneno aliyatoa bure. Mimi nilikuwa nesi, natoka zamu miguu inawaka moto, na kabla sijashika kikapu ananipokea kwa Kiswahili chake cha Tanga: "Wee Lilian, umekula lakini?" Huyo ndiye Bhanu. Mtu akipita mbele yake na njaa, yeye ndiye anayeumwa. Kwa hiyo nikikwambia kwamba mwaka juzi nilimshuhudia akikataa chakula kwa mtu, tena kwa mwanawe wa kumzaa, ujue sikusadiki macho yangu.

Mtoto wake ni mmoja, Bhavini. Alizaliwa London, akaenda Beijing kufundisha, akampenda kijana wa huko aitwaye Wei. Wakaoana wakati wa korona, mipaka imefungwa, na Bhanu aliiona harusi ya bintiye kwenye simu, kasimama jikoni kavaa sari ya hariri na soksi za sufu. Mumewe alikuwa ameshafariki. Mipaka ilipofunguliwa tukadhani atapanda ndege kesho yake. Wapi! Mara goti, mara baridi, mara hekaluni kwao Neasden kuna shughuli. Kumbe mwenzangu alikuwa anakimbia jambo jingine.

Kwa wazee wa kwao, Wahindi, mzazi hali kwa binti aliyeolewa. Binti umeshamtoa, utarudi vipi kula kwake? Hata chai hunywi. Vijana wengi wa huku Harrow wakisikia hivyo wanacheka, lakini Bhanu aliachiwa mila hiyo na mama yake, na cha mama yake hakichezewi. Huku nyuma wazazi wa Wei walishaanza kunong'ona: huyu mama wa London hakuja harusini, na sasa njia iko wazi bado haji. Hataki ndoa. Bhavini akapiga simu, akamwambia mama yake waziwazi kwamba amechoka kumtetea.

Siku mbili baadaye Bhanu akanijia na uso wa ushindi.

"Lili, nimepata plan. Wazazi wa Wei si wanaendesha guesthouse? Basi nimebook online, room kabisa, kama mgeni yeyote. Nimelipa kwa card yangu. Chakula nilicholipia si chakula cha binti."

"Ungesomea sheria wewe," nikamwambia.

"Na wewe unakuja. Usibishe, nimebook vitanda viwili."

Sikubisha. Nani angemwacha huyu aende peke yake?

Nyumba yenyewe iko katikati ya mji mkongwe wa Beijing, kwenye vichochoro wanavyoviita hutong, vyembamba hata gari linaona aibu kuingia. Kwa nje huoni kitu, ukuta wa kijivu tu na mlango mwekundu. Ukiruka kizingiti, maana ni kirefu na kukikanyaga ni utovu wa adabu, unakuta ua umezungukwa na vyumba pande zote nne. Katikati mti wa komamanga, baiskeli, mashuka ya wageni yameanikwa. Upande mmoja wanalala Bhavini na Wei, upande mwingine wazazi, vilivyobaki vinapangishwa kwa wasafiri. Bhanu alisimama pale, akatazama mbingu ya mraba juu ya ua, akasema ndivyo nyumba inavyotakiwa kuwa, si kama zetu za London ambapo jirani unamjua kwa kikohozi. Nikaona moyo wake umelainika. Nikajidanganya kwamba safari itakuwa nyepesi.

Asubuhi mkwe mwenzake, ambaye mimi nilimwita Mama Wei kwa desturi yetu, akaleta kifungua kinywa mwenyewe: uji wa wali, mikate ya mvuke, tofu, figili za siki. Nyama hakuna, Bhavini alishawaambia kwamba mama yake hali nyama. Bhanu akanyoosha mkono. Hapo ndipo Bhavini akatafsiri kwa furaha: mama mkwe ameifuta ile buking, pesa zimerudi kwenye kadi, na chumba tulichopewa ndicho kikubwa kuliko vyote. Anasema familia hailipi.

Ule mkono ukarudi mapajani.

"Tumbo," Bhanu akasema. "Tumbo kidogo."

Mama Wei akakimbia jikoni, akarudi na bakuli la dawa ya tumbo, nyeusi, chungu kwa kuitazama tu. Nayo Bhanu hakuigusa. Chumbani akala zile chapati zake za majani ya uwatu alizofunga kwa safari, anatafuna kama mwizi. Mimi nilikula kwa niaba yetu sote, na sikuona haya.

Kesho yake chapati zikaisha. Bhanu akatoka uchochoroni akanunua kiazi kitamu cha kuchoma kwa mzee mwenye baiskeli ya magurudumu matatu, akakila kasimama mlangoni. Sasa, uchochoro si barabara ya Harrow. Pale kila mtu anamjua mwenzake tangu tumboni. Kabla ganda halijaanguka, wanawake watatu walishamwona, na jioni Bhavini akaja chumbani kwetu, macho mekundu. Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wengine wa London, na alichosema nakileta hapa kwa lugha yetu:

"Mama, majirani wanamuuliza mama mkwe kama nyumbani kwake hakuna chakula. Ameniuliza mimi kama umekuja kunichukua unirudishe London. Kama ndivyo, niambie. Kama sivyo, kula."

Akatoka. Bhanu akabaki anakunja na kukunjua shali yake.

Mimi, Mungu aliniumba bila breki mdomoni. Asubuhi ya pili yake, kabla watu hawajaamka, nikamkalisha kitako.

"Dada Bhanu, utampoteza huyu mtoto kwa sababu ya uji."

"Hujui, Lili. Mama yangu alikuja London mara moja tu. Mimi bibi harusi mpya, nikapika kila nilichojua, nikatandika kitambaa cheupe. Akakaa kwenye ncha ya kiti. Akaniombea dua, akaondoka na midomo mikavu. Chakula nikakila peke yangu, nalia. Akafa Tanga bila kuonja mkono wangu tangu niolewe."

"Na leo anayekula peke yake ni Bhavini."

Nilijua nimemchoma. Nilikusudia. Lakini alipoanza kulia nikalia na mimi, maana nampenda huyu mwanamke kuliko ndugu zangu wengine niliozaliwa nao.

"Sasa nifanyeje?" akauliza. "Nimvunjie mama maneno yake?"

"Wewe mtoto wa Tanga, mgeni siku mbili, halafu?"

"Siku ya tatu mpe jembe."

"Basi. Mila yenu inakataza kula bure. Nani kakukataza kula jasho lako?"

Akanitazama. Akafuta pua. Akatoka, akachukua fagio, akaanza kufagia ua.

Hapo nilikosea mimi mshauri. Mama Wei alipotoka na kumkuta mkwe wake kainama na fagio, hakuona jembe wala jasho. Aliona mgeni anayemwambia nyumba yako chafu. Akalishika fagio. Bhanu hakuliachia. Wakavutana, wanawake wawili wenye mvi, mmoja anasema kwa Kichina na mwingine anajibu kwa Kiswahili cha dukani, "Niachie mama, niachie kidogo tu!" Watalii wawili Wafaransa wakatoa vichwa mlangoni kwao. Bhavini akaja mbio, mswaki mdomoni.

Nikamweleza mimi yote, habari ya bibi yake na kitambaa cheupe, ambayo hakuwahi kuisikia. Alisikiliza mpaka povu likamkauka. Kisha akamgeukia mama mkwe, akaeleza taratibu kwa lugha ya pale.

Mama Wei aliliachia fagio. Akaenda jikoni, nikajua tumekwisha. Akarudi na bonge la unga uliokandwa, ubao, na kifimbo kidogo cha kusukumia. Akaviweka mezani chini ya komamanga, akampa Bhanu kifimbo.

Vilikuwa vya kutengeneza jiaozi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha. Bhanu akasukuma vipande haraka haraka, mviringo safi. Mama Wei akakiinua kimoja, akatikisa kichwa, Bhavini akatafsiri: katikati paache pawe pazito, pembeni ndipo pawe pembamba, la sivyo kitapasuka. Mwanamke ambaye Queensbury nzima haijawahi kumsahihisha chapati akasahihishwa, tena mara mbili, na akakubali. Wakajaza kabichi, uyoga na tofu. Bhavini alipiga simu kazini kwamba atachelewa.

Vilipoiva, Bhanu akachukua kimoja kwa vidole, vijiti vilimshinda. Bhavini hakugusa chake, alikuwa anamtazama mama yake mdomoni tu. Bhanu akatafuna, akameza.

"Chumvi imepungua kidogo," akasema, na Bhavini akamkumbatia huku analia na kucheka.

Tuliporudi, jambo likawa limeshafika Neasden kabla yetu. Sijui wanawake wa hekaluni hutumia simu gani. Nilimsindikiza Bhanu hekaluni, na tukiwa bado tunavua viatu mama mmoja mkubwa kuliko sisi, wanayemwita masi kwa heshima, mwenye sauti ya kusikiwa na kila mtu, akauliza kwa Kiswahili ili nami nisikose: "Bhanu, nasikia ulikula kwa binti yako. Kweli?"

Wengine wakageuka kungoja. Bhanu akamaliza kuvua kiatu cha pili, akakipanga vizuri pembeni ya mwenzake.

"Kweli, masi," akasema. "Nilikula jasho langu, nikala na fungu la mama ambalo hakulionja."