Noti ya Baada ya Adhana

Habari za kifo chake zilinikuta nimeshika gitaa lake. Nilikuwa nimekaa kwenye jukwaa la mbao, ndani ya ukumbi wa hoteli tuliyopigia hapa Isiolo, nikibadilisha uzi wa kwanza. Mwenye gitaa, mpiga solo wetu, hakupenda kazi hiyo, na mimi niliyepiga ridhimu ndiye niliyekuwa mdogo wake kwenye bendi. Mpiga ngoma akaingia, akasimama mlangoni, akasema lori la baba wa mpiga solo limebebwa na maji kwenye lugga, ule mto mkavu unaofurika ghafla, huko njia ya Garbatulla, na kijana alikuwa ndani. Alikuwa amekwenda kumsaidia baba yake kupeleka unga. Walikuwa wamekwisha kumzika huko huko.

Nitasema ukweli hapa, maana nimeuficha kwa miaka mingi. Kabla sijalia, kabla hata sijauliza ni nani mwingine aliyekuwa ndani ya lori, niliwaza kwamba sasa solo itakuwa yangu.

Wahenga walisema kufa kufaana, na watu huisema methali hiyo huku wanacheka kidogo. Mimi sijawahi kuicheka. Nilimaliza kufunga ule uzi, nikauvuta hadi ukakaza, kisha ndipo nikalia.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kuisha. Tulikuwa wanne: ngoma, besi, ridhimu na solo. Kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana kulikuwa na bugi, dansi la mchana, na vijana wa mji walijaa wakiwa na suruali pana chini na viatu virefu, wakacheza rumba na benga mpaka jua linapotua. Mimi ni Mmeru, baba yangu alikuwa karani katika ofisi ya mifugo. Mpiga solo alikuwa Msomali wa hapa hapa mjini, mjukuu wa askari walioletwa na mkoloni wakabaki, wakanunua malori. Nyumbani kwao gitaa halikuvuka mlango. Baba yake alisema chombo kile ni cha watu wasio na mzee wa kuwaonya. Kwa hiyo gitaa liliishi ukumbini, ndani ya sanduku la mbao, limefungwa kwa kitambaa kilichonuka uvumba.

Mama yake alikuja kumsikia kwa namna yake. Dada ya huyo mama alikuwa na nyumba nyuma ya ukumbi, na ua wake na wetu uligawanywa na uzio wa mabati. Kila Jumamosi mama alikwenda kumsalimia dada yake, na kila Jumamosi salamu hizo zilichukua mchana mzima. Bati moja lilikuwa limetobolewa na kutu. Ukisimama jukwaani karibu na dirisha, kupitia tundu lile uliona kipande cha mtandio wake, akiwa amekaa kwenye kigoda. Sote tulijua. Hakuna aliyelisema, hata mwanawe.

Sasa niwaambie kuhusu sauti ya gitaa la mpiga solo wetu. Ampulifaya yetu ilikuwa imeanguka kutoka kwenye gari siku ilipoletwa, na karatasi ya spika ikapasuka. Yeye aliiziba kwa kipande cha ngozi ya mbuzi na gundi. Tangu hapo gitaa likawa na ukwaruzo, sauti nzito kama ya mtu aliyelia jana. Alikuwa akivuta uzi kwa kidole mpaka noti inapanda, akaiacha pale juu ikitetemeka, halafu akairudisha bila haraka. Mimi nilipovuta uzi, noti ilipanda ikapita mahali pake, kama ndoo inayovutwa na mlevi. Nilimwonea kijicho. Nilimpenda pia, lakini kijicho kilikuwa cha kila siku.

Alikuwa na sheria moja tu. Msikiti ulikuwa karibu, na adhana ya alasiri ilitukuta katikati ya bugi. Ikianza, kila mtu ananyamaza. Wachezaji walifuta jasho, na sisi watatu tulitoka nje kuvuta sigara na kutania wauza miraa. Yeye alibaki jukwaani. Tuliporudi tulimkuta ameshaanza, nasi tukaingia nyuma yake. Kwa miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kujiuliza ameanzaje.

Baada ya mazishi, baba yake, aliyenusurika mafurikoni, alituma neno kwamba kile kitu kikae huko huko kilikokuwa. Basi nikakichukua, na ridhimu tukampa kijana mwingine.

Kupiga gitaa la marehemu si jambo la mchezo. Shingo lake lilikuwa limelika pale alipopenda kushika, na vidole vyangu viliteleza mpaka kwenye mashimo yale vyenyewe. Nikitaka kupiga changu, kikatoka chake. Nilikuwa nafanya mazoezi asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu, jua linaingia dirishani kwenye viti vilivyopinduliwa juu ya meza, na nikinyamaza kidogo ampulifaya ilianza kunong'ona. Kweli ilinong'ona. Sauti ya mwanamume, chini sana, ikizungumza Kisomali. Mara ya kwanza niliacha gitaa nikatoka mbio hadi barabarani, nikasimama kwenye vumbi kati ya mbuzi wa watu. Fundi wa redio alinicheka siku nzima, akanieleza kwamba waya mbovu hunasa stesheni za mbali. Nilimwamini. Hata hivyo tangu siku hiyo sikuweza kukaa peke yangu na kile kisanduku bila kukipa mgongo.

Na watu hawakunisaidia. Nikipiga vizuri, walisema, "Leo marehemu amekuja." Mtu ananiona mimi, mzima, jasho linanitoka, halafu anamsifu maiti! Mwanzoni nilifurahi, maana niliogopa kulinganishwa naye. Baadaye ikanikera. Nikaanza kupiga kwa nguvu na kwa haraka, noti nyingi kama mahindi yanayomwagika, nione kama kuna atakayesema ni mimi. Jumamosi moja mlevi fulani alinipiga bega, akaniambia, "Marehemu amepona kabisa." Kesho yake nilibeba ampulifaya hadi kwa fundi, nikamwambia aitoe ile karatasi yenye ngozi ya mbuzi, aweke mpya.

Aliweka. Ile ya zamani alinikabidhi imefungwa kwa gazeti.

Sauti mpya ilikuwa safi kama maji. Vijana walipiga miluzi. Lakini nilitazama kwenye tundu la bati, maana mama alikuwa bado anakuja. Tangu siku za msiba zilipokwisha, hakukosa hata Jumamosi moja. Siku ile alikaa mpaka adhana ikaisha. Niliporudi kutoka kwenye sigara yangu na kuanza, nikaona mtandio ukiinuka, ukaondoka. Jumamosi iliyofuata kigoda kilikuwa kitupu.

Nilijua nimefanya nini, au nilidhani najua. Nilikuwa nimemnyang'anya mtoto wake mara ya pili, na safari hii hapakuwa na mafuriko ya kulaumu.

Alikuja Jumatano asubuhi. Sikuwahi kumwona upande wetu wa uzio. Alisimama nje ya mlango wa ukumbi, hakukanyaga kizingiti, mkono mmoja umeshika mtandio chini ya kidevu.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, Mama. Karibu."

"Hapa inatosha. Wewe ndio unapiga hiyo kitu ya kijana yangu?"

"Ni mimi, Mama."

"Mimi nakaa kwa dada yangu, hii miezi yote. Nangoja yeye. Hakuji."

Nikaanza kujieleza mbio mbio. "Mama, ni makosa yangu. Ile spika yake ilikuwa imepasuka, nikaitoa. Lakini iko, sikutupa. Nitarudisha."

Aliningoja kwa subira nimalize.

"Mimi sijui mambo ya spika," akasema. "Hata ile imepasuka ikiwa hapo, hakukuja. Wewe sikiza. Adhana ikiisha, kijana yangu alikuwa anaingia polepole. Anapiga hodi kwanza. Wewe unaingia kama mtu anavunja mlango."

Akanyoosha mkono wake karibu na goti, akauinua taratibu hadi usawa wa kifua. "Hivi. Hukuona akifanya?"

"Nilikuwa nje, Mama. Tulikuwa tunatoka kuvuta sigara."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

Hakunilaumu. Aliitikia kwa kichwa, akafunga mtandio vizuri, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Mwanadamu akiwa na deni la moyo hutafuta kwanza njia ya mkato. Nilimrudia fundi arudishe ile karatasi ya zamani, lakini ilipotolewa ilikuwa imechanika vipande, ngozi ya mbuzi pekee ndiyo iliyobaki nzima. Nikajaribu kuipasua mpya kwa wembe. Ikakwaruza, sawa, lakini ilikuwa kelele tu. Nikabadilisha nyuzi, nikaweka waya wa breki ya baiskeli mahali pa uzi wa kwanza, nikajikata kidole. Kila usiku niliota ndoto moja, rafiki yangu amesimama nje ya uzio ananiuliza kama nimemaliza kuvuta.

Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu. Gitaa lile lilikuwa na kitufe cha kupandisha na kushusha sauti, kidogo, cha plastiki nyeusi, chenye meno pembeni. Meno yalikuwa yamelika upande mmoja tu, pamebaki laini kama tasbihi ya mzee. Nilikuwa nimepanga kukibadilisha kitufe kile kwa sababu kiliteleza. Asubuhi moja nilikitazama vizuri, nikaweka kidole kidogo cha mkono wa kulia pale palipolika. Kikakaa pale barabara.

Ndivyo alivyofanya. Alifunga sauti yote, akapiga uzi kimya kimya, halafu kwa kidole kile akafungua taratibu. Noti inakuja bila kishindo cha kupigwa, haina mwanzo, unashtukia tu imo chumbani pamoja nawe. Mkono wa kushoto unaitetemesha kidogo, ili isifike kama maiti. Ukifungua upesi, umevunja mlango. Ukichelewa, uzi umekwisha kufa na unachopandisha ni ukimya. Ilinichukua wiki nyingi, na kidole kidogo kikakakamaa mpaka sikuweza kushika kijiko. Spika mpya niliiacha. Haikuwa na kosa lolote.

Nilimtuma mpwa wa yule mama, msichana aliyekuwa akichota maji kwetu, amwambie aje Jumamosi.

Siku ile sikutoka na sigara. Wenzangu walinishangaa. Nilibaki jukwaani nikaisikiliza adhana tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo sikuwahi kufanya ingawa nililelewa chini yake. Ikaisha. Nikangoja ukimya utulie, wachezaji wamesimama na leso zao. Kupitia tundu la bati nikaona mtandio. Nikapiga uzi kitufe kikiwa kimefungwa, nikafungua kama nilivyoonyeshwa na ule mkono, kutoka gotini hadi kifuani.

Kutoka nyuma ya mabati nikasikia sauti yake, si kubwa, ya mtu anayezungumza na aliye karibu.

"Waaleikum salaam, hooyo."

Kwa Kisomali mama humwita mtoto wake kwa neno lile lile mtoto analomwitia yeye. Hooyo, yaani mama. Nililijua tangu utotoni kutoka kwa majirani. Nilipolisikia pale, vidole viliniganda, na kama mpiga ngoma asingeingia na ngoma yake wakati ule, watu wangefikiri stima imekatika. Nililia mbele ya ukumbi mzima, na wao wakadhani ni jasho. Kumbe kila Jumamosi, sisi tukiwa nje tunatania wauza miraa, kijana yule alikuwa anamwamkua mama yake kwa kitu ambacho nyumbani hakikuruhusiwa kutajwa, na mama alikuwa anamwitikia. Miaka yote ile walizungumza nyuma ya mgongo wangu, mita chache tu, nami nilikuwa nikisoma vidole vyake nione jinsi ya kumshinda.

Tangu hapo nikawa nafanya hivyo kila Jumamosi, hadi miaka ya themanini. Noti moja ilikuwa yake. Zilizobaki zikawa zangu, na pole pole, sijui lini hasa, watu wakaacha kumtaja marehemu. Nilijifunza kuiacha noti ipumue. Nilijifunza kwamba noti chache zenye mahali pa kwenda zinashinda mahindi yote niliyokuwa nikiyamwaga. Wageni waliotoka Nanyuki na Meru waliniuliza nimefundishwa na nani, nami nikawajibu kwamba nimefundishwa na mwanamke asiyejua gitaa. Walidhani ni mzaha. Kila wiki, kwa muda wa pumzi moja, nilikuwa mtu aliyekufa, nikaitikiwa kwa upendo ambao haukuwa wangu, na sikuwahi kumwambia mama kuhusu kile nilichowaza siku ile nikiwa na uzi mkononi. Nafikiri hiyo ndiyo dhambi yenyewe, kupokea ile salamu.

Homa ilimchukua mama yule wakati wa mvua ndefu. Sisi wa bendi tulisimama mbali wakati wa maziko, kofia mikononi, hatukujua tuweke wapi macho. Mume wake alikuja kutupa mkono mmoja mmoja. Mkono wangu aliushika muda mrefu kidogo kuliko wa wenzangu, na mpaka leo sijui alijua kiasi gani.

Jumamosi iliyofuata tulipiga kama kawaida. Nilikuwa nimejiapia kwamba adhana ikiisha tutaanza na wimbo wa kuchezwa, sote wanne kwa pamoja. Adhana ikaisha. Nikasimama. Kidole kidogo kikaenda kwenye kitufe chenyewe, noti ikapanda, ikavuka dirisha, ikafika kwenye bati lililotoboka, ikangoja hapo. Nyuma ya tundu kulikuwa na kigoda kitupu na ukuta wa nyumba ya dada yake. Niliishikilia noti ile mpaka uzi ukaisha sauti wenyewe. Solo ilikuwa yangu sasa, yote, na sikuwa na mtu wa kumrudishia.